Mtani wa Kompyuta

Mashine haiheshimiwi, hutaniwa. Jana mlimsikia fundi wa redio akimwambia mteja wake hivyo, mkacheka, kisha mkaniuliza tangu lini chuma kikawa na watani. Swali zuri. Kaeni basi, maana msemo huo una mama yake, na mama huyo alikuwa mpiga chapa.

Aliitwa Bi Velentina Kihwele, Mhehe aliyefanya kazi katika shule moja ya wasichana nje kidogo ya Iringa. Kwa miaka ishirini na minne alipiga taipureta, na vidole vyake vilikuwa vyepesi hata waliopita dirishani walidhani mvua imeanza kugonga bati. Mitihani yote ya shule ilitoka mikononi mwake. Kazi ile ndiyo iliyomlelea watoto wanne, na ndiyo iliyompa heshima yake pale mtaani.

Basi ikaja kompyuta. Mkuu wa shule, Mwalimu Tusekile, alimwita akamwambia bila kuzunguka.

"Mama Kihwele, utepe wa taipureta hata mjini haupatikani tena. Mitihani ya kufunga muhula itachapwa kwa kompyuta. Nakupa wiki sita. Ukishindwa, itabidi nitafute mwingine, na wewe nikupeleke jikoni ukasimamie vyakula."

Velentina alijibu, "Sawa, Mkuu."

Alipelekwa mafunzo ya siku tano mjini. Huko mwalimu alichora kibodi ubaoni, nao wakainakili madaftarini kwa penseli za rangi. Velentina alirudi akijua maana ya kompyuta, sehemu zake na faida zake saba, ila kompyuta yenyewe hakuwa ameigusa. Alirudi pia na onyo moja lililomganda kichwani: ukibonyeza ovyo, itaharibika.

Hapo akafanya kosa ambalo sisi sote tumelifanya majumbani mwetu. Alifuma kitambaa cheupe chenye maua ya njano pembeni, akaifunika kompyuta kama tunavyofunika redio na makochi ya wageni. Viatu akaviacha mlangoni. Kila asubuhi aliifunua, akaipangusa, akaiwasha na kuitazama mikono ikiwa mapajani. Kisha akaizima, akaifunika tena. Wiki mbili zikapita hivyo. Pale shuleni hapakuwa na kitu kisafi kama kompyuta ile, na hapakuwa na kazi hata moja iliyotoka ndani yake.

Sasa, mtunza stoo wa shule alikuwa Osmund Gama, Mngoni wa Songea. Kama hamjui, mjue leo: Mhehe na Mngoni ni watani. Mababu zao walipigana vita mpaka wakachoka, na wajukuu wakarithi utani badala ya mikuki. Mtani anaweza kukuvua kofia, akakalia kiti chako, akakuvunja mbavu hata msibani kwako, nawe huruhusiwi kukasirika. Unachoruhusiwa ni kulipiza.

Asubuhi moja Gama alichungulia mlangoni.

"Mama Kihwele, umeshaiamkia shikamoo? Mbona leo hukupiga magoti?"

"Toka hapa, Mngoni wewe! Vitu vya wenye akili havikuhusu."

"Babu zako waliikabili mikuki ya babu zangu, na wewe unaogopa kisanduku?"

Gama alikwenda zake akicheka. Lakini kesho yake Velentina alipoifunua kompyuta na kuiwasha, alipiga ukelele. Kioo kilikuwa kichwa chini miguu juu, na maandishi yanasomeka kwa mtu aliyejining'iniza kama popo. Kumbe Gama alikuwa nje ya dirisha anasubiri.

"Nimeigeuza mimi," alisema. "Igeuze mwenyewe, kama u Mhehe kweli!"

Velentina alitaka kwenda kwa Mkuu. Lakini angesema nini? Mtani hashtakiwi. Alivuta kiti akaketi, akanyoosha kidole kwa hofu, akabonyeza kitufe kimoja. Hakuna kilicholipuka. Akabonyeza kingine, kikafunguka kidirisha, akakifunga. Akajaribu viwili kwa pamoja, kisha vitatu. Saa nzima ilikwisha, na mara kioo kikarudi sawasawa. Ndipo akajikuta anajiuliza jambo ambalo madaftari hayakuwahi kumfanya ajiulize: je, nikibonyeza mshale wa kulia badala ya ule wa juu, itakuwaje? Akabonyeza. Kioo kikalala ubavu. Velentina alicheka peke yake mle ofisini.

Deni la utani hulipwa. Gama, aliyekuwa amejifunza mawili matatu kwa watoto wake, naye alikuwa ameanza kuitumia kompyuta ile mchana kuandikia orodha ya stoo. Siku ya pili aliikuta orodha yake ina herufi nyekundu, kubwa mno, hata neno "sabuni" peke yake limejaza ukurasa. Akalipiza kwa kuficha kile kimshale kinachotembea kiooni. Velentina akakitafuta, akakipata, naye akampangia mtani majina ya vitu vyote vya stoo kinyumenyume cha alfabeti, sabuni juu na asali chini. Kila alichotendewa alitaka kujua kimetendwaje, na kila alichokijua alitaka kuona kina jirani gani pembeni yake.

Siku moja utani ukavuka mpaka. Orodha nzima ya Gama ikapotea, na watani wawili wakaisaka kimya kimya mpaka wakaikuta kwenye kapu la takataka la kompyuta. Velentina alikiri kwamba ni yeye aliyeitupa bila kujua. Tangu siku hiyo wakawekeana sheria: nakala kwanza, utani baadaye. Kitambaa cha maua kilihamia kwenye meza ya chai, wala hakuna aliyekiulizia.

Ikafika Jumatatu ya wiki ya sita, siku ya mtihani wa kwanza. Mwalimu wa historia alileta karatasi yake kwenye flashi ikiwa imebaki saa moja. Wasichana walikuwa wameshapanga mstari nje ya ukumbi, na Mkuu alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Velentina akaufungua mtihani. Hapakuwa na neno hata moja. Kioo kilijaa alama tupu: mikasi, nyota, mikono inayonyoosha vidole.

"Umeharibika!" Mkuu alisema. "Mtu asiguse chochote. Aitwe fundi kutoka mjini."

Fundi angefika alasiri. Velentina alimtupia jicho Gama, aliyekuwa mlangoni na marobota ya karatasi.

"Safari hii si mimi, mtani," Gama alisema, macho yamemtoka. "Haki ya Mungu, hii sijawahi kuiona."

Hofu ya zamani ilimshika Velentina, mikono ikateremka mapajani. Lakini ile mikasi ilimchekesha. Imetoka wapi? Inataka nini? Mikono ikapanda tena.

Alitoa nakala kwanza. Akaikuza: mikasi ikawa mikubwa. Akaigeuza rangi: mikasi ikawa ya kijani.

"Mama Kihwele, unachezea mtihani!" Mkuu alifoka.

"Naam, Mkuu. Ninaichezea nakala. Mtihani wenyewe upo salama."

Akaandika jina lake mwenyewe chini ya ukurasa. Nalo likatoka nyota na mikasi. Hapo akatulia, akafikiri. Jina lake analijua, halina mikasi. Basi maneno ya mwalimu nayo yamo humo humo, yamevishwa nguo tu. Akachagua ukurasa mzima, akabadilisha aina ya herufi. Moja ikagoma, hata ya pili. Ya tatu ikakubali: "Swali la kwanza. Eleza sababu tatu..."

Saa tatu kamili wasichana walikuwa wameketi, karatasi ziko mbele yao, bado zina joto la mashine.

Mkuu alibaki ofisini. 

"Jikoni huendi," alisema hatimaye. "Kumbe yale mafunzo yalikufaa."

"Kule nilifundishwa kuiogopa, Mkuu. Aliyenifundisha kazi ni huyu Mngoni asiye na adabu."

Gama akainama kwa madaha. Mkuu hakucheka. Alikizunguka kiti cha Velentina kilichokuwa wazi sasa, akakikalia polepole, akaitazama kompyuta, mikono yake mwenyewe imelala mapajani.

"Na mimi je?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Miaka yote hii sijawahi kuigusa. Nianzie wapi?"

Velentina aliushika mkono wa Mkuu wake, akauweka juu ya vitufe.

"Popote," alisema. "Mashine haiheshimiwi, Mkuu. Hutaniwa."