Fungu la Mshamu katika Kikosi cha Sultani

Hapo zamani, wakati miji iliposhindana kwa michezo ili isishindane kwa mikuki, mji wa Vumbeni ulitawaliwa na Sultani Shekue, mtu aliyeupenda mchezo wa gongo kuliko chakula. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: mmoja hurusha mpira wa makumbi ya nazi uliovikwa ngozi, wa pili huupiga kwa gongo, kisha huzunguka uwanja mbio kabla mpira haujarudishwa. Kikosi cha Sultani kilikuwa na watu kumi, na hodari wao alikuwa Mshamu, fukara mwenye kanzu moja iliyotoboka. Uwanjani walimwita simba. Nje ya uwanja walimwita mjinga, kwa sababu aliwahi kuuza kitanda ili anunue godoro.

Na ilikuwa desturi ya Vumbeni kwamba aliyeshika gongo la Sultani huwa wa Sultani: hula ngomeni, hulala ngomeni, wala haendi kwake ila kwa ruhusa. Sultani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu ya kunyang'anywa wachezaji wake, na hofu ikivikwa kilemba hufanana sana na ukali. Lakini Mshamu alikuwa ameoa karibuni, na kila alipoomba ruhusa ya kwenda kwa mkewe, Mwanakheri, alijibiwa, "Tukimaliza mchezo ujao." Na mchezo ujao haukwisha kuja.

Basi ikawa siku moja zikafika habari kwamba mji jirani wa Kiwandani unamtaka Mshamu, na tayari umemjengea nyumba ya mawe. Sultani akashindwa kula, akamwita Waziri wake.

"Tumpe nini huyu asituache?"

"Maulana, usimpe kitu," akajibu Waziri. "Mpe umiliki. Mwenye shamba hatoroki shamba lake. Mwambie fungu moja katika kumi ya kikosi ni lake, badala ya ujira. Kikosi kiko ngomeni, naye atabaki ngomeni akilinda mali yake."

Sultani akapendezwa mno. Akakusanya watu barazani, Kadhi akiwapo, akanena, "Ewe Mshamu, tangu leo u mshirika wangu. Fungu moja katika kumi ya kikosi, na vyote vilivyo vyake, ni mali yako, uifanyie upendavyo. Ujira hutapata tena, maana mwenye mali halipwi."

"Na kwangu nitakwenda lini, Maulana?"

Baraza zima likacheka. "Kwenda wapi tena? Mali yako utamwachia nani?"

Mshamu akainamisha kichwa, akafikiri hata watu wakadhani amesinzia. Kisha akasema, "Nimeshukuru. Ila naomba nilione fungu langu, maana kwetu hata kuku wa shirika hujulikana paja la nani."

"Mjinga wewe!" akafoka Waziri. "Kikosi ni kuku?"

Lakini Kadhi, mzee aliyeipenda sheria bila ya kutazama inamkata nani, akainua mkono. "Mshirika akitaka kuliona fungu lake, hazuiliwi. Na mila ya Vumbeni ni hii: agawaye hachagui. Maulana amegawa; Mshamu na achague."

Yakaletwa magongo kumi. Mshamu akachukua moja, lililopinda kuliko yote, na Sultani akatabasamu. Ikaletwa mipira kumi. Akachukua mmoja uliochanika, na Sultani akamnong'oneza Waziri, "Huyu hata kuchagua hajui."

"Sasa watu," akasema Mshamu.

"Chukua umtakaye!" akasema Sultani, machozi ya kicheko yakimtoka.

Wachezaji wakapangwa mstari mmoja. Mshamu akapita akiwabonyeza misuli kama mnunuzi mnadani.

"Nichukue mimi, ndugu yangu," akasema mmoja, "mimi sikoromi."

"Hukoromi, lakini wali wako nitautoa wapi?"

Akafika mwisho wa mstari, akasimama hapo, akajibonyeza mkono wake mwenyewe wa kulia, kisha wa kushoto. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Namchukua huyu."

"Yupi?" akauliza Kadhi.

"Huyu mwenye kanzu iliyotoboka. Anaitwa Mshamu."

Waziri ndiye aliyeruka kwanza. "Haiwezekani! Mtu hajimiliki!"

"Maulana alikuwa akimmiliki," akasema Kadhi kwa upole, "na alichokuwa nacho ndicho alichotoa. Mshamu ni wa Mshamu."

Sultani akashika kichwa. "Ole wangu! Kesho kutwa tunacheza na Kiwandani. Nani atapiga?"

"Usihuzunike, Maulana," akasema Mshamu. "Mimi ninaye mchezaji mmoja, hodari, naweza kukuazima. Ila mwenye mali ni mtu mgumu."

"Anataka nini huyo mwenye mali?"

"Ujira wa mchezaji urudi kama zamani. Na kila mchezo ukiisha, mchezaji akalale kwake. Mwenye mali amemchunguza, akaona kwamba asiyelala kwake hupiga kwa hasira, na hasira hupiga hewa."

"Na watu wa Kiwandani?"

"Walimwomba. Amekataa. Mkewe hayapendi maji ya kule."

Sultani akamtazama, akamtazama tena, kisha akacheka mpaka kilemba kikafunguka. "Waziri, ulisema mwenye shamba hatoroki shamba lake."

"Ndivyo, Maulana."

"Basi shamba limetoroka pamoja na mwenyewe!"

Hapo wale wachezaji tisa wakapiga kelele, "Nasi tupe mafungu yetu, Maulana!"

"Nyamazeni!" akasema Sultani, akijifuta machozi. "Ninyi nendeni mkalale makwenu vivi hivi, bila ya fungu. Naona ndiyo nafuu yangu."

Mshamu akavuka lango la ngome jua likiwa bado juu. Mwanakheri alikuwa mlangoni akipepeta mchele. Akamwona, ungo ukasimama hewani.

"Umetoroka?"

"La. Nimeruhusiwa na mwenye mali."

"Mwenye mali nani?"

"Mimi hapa," akasema Mshamu, akatanua kifua.

Mwanakheri akamtazama toka utosini hata nyayoni, akajizuia asicheke, akashindwa. "Hongera, bwana mwenye mali," akasema. "Sasa mtume huyo mchezaji wako kisimani, mtungi hauna maji."

Mshamu akajitwika mtungi, akaenda. Na waliokutana naye njiani husimulia kwamba hawajapata kumwona tajiri akibeba maji kwa furaha namna ile.