Mzinga Ulionyamaza

Ndugu zangu, kabla hamjaanza kutazama saa, nipeni masikio. Palikuwa na mrina asali mmoja aliyetundika mizinga arobaini msituni. Kila Jumamosi aliizungukia, wala hakuwa na haja ya kuifungua. Aligonga gogo kwa kidole, akatega sikio, akajua: hawa wazima, hawa wana kiu, hawa wameingiliwa na siafu. Sikio lile lilisifiwa vijiji vitatu.

Nyumbani alikuwa na binti wa darasa la tano, na mtoto yule alikuwa na mdomo. Aliuliza kwa nini mwezi unamfuata yeye tu. Aliimba akifagia, alibishana hata na kuku. Baba alichoka naye, akamwambia mara nyingi aupumzishe ulimi.

Basi mwezi wa tatu, mtoto alisimama darasani kusoma, maneno yakamkwama. Wenzake wakacheka, na mwalimu wa somo lile naye akacheka. Tangu siku hiyo akanywea. Rede akaacha kucheza. Kisimani akawa anakwenda saa saba mchana, jua la utosi, ili asikutane na wenzake. Chakula alikula peke yake nyuma ya jiko. Mnadhani baba alishtuka? Alifurahi! Majirani walimsifu kwamba binti amekua, ana adabu, hana makuu, naye akawajibu kuwa malezi ni kazi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani atawasikiliza wahenga wakati binti anaosha vyombo bila kuambiwa?

Mwalimu wake wa darasa, mama mmoja mwenye uchungu na watoto, alifunga safari hadi kwa yule baba.

"Mzee, mtoto wako haongei na mtu. Na wiki hii nimemwona siku mbili tu."

"Mwalimu, wangapi wanakupigia kelele kule? Nimekupa mmoja mtulivu, bado unalalamika?"

Mwalimu aliaga, akaenda zake. Shule zilipofunguliwa baada ya likizo, mtoto alisema tumbo linamuuma. Kesho yake likauma tena. Ikafika siku hakuna aliyemwuliza habari za tumbo wala za shule. Baba akaona si kitu, atamfundisha kazi ya nyuki, na Jumamosi moja akaenda naye msituni.

Wakafika kwenye mzinga mmoja mkubwa. Baba akagonga, akasikiliza, akagonga tena. Uso ukamsawijika.

"Hawa wameshahama," akasema.

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, mtoto akauliza swali. "Huwa wanaondoka siku moja, baba?"

"Hapana, mwanangu. Sauti hupungua kidogo kidogo. Mwenye mzinga akisikia mapema, anawahi. Anatafuta kinachowasumbua, anakiondoa, nao wanabaki."

"Na asiposikia?"

"Anakuta masega matupu."

Mtoto akautazama mzinga ule muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Mimi nilianza kunyamaza mwezi wa tatu, baba."

Mzee yule alikaa chini pale pale, kwenye majani makavu, akalia. Jumatatu alimpeleka shuleni amemshika mkono. Yule mwalimu wa darasa aliwapokea vizuri, dawati lilikuwepo. Mtoto akafika mlangoni mwa darasa, akasimama, akatikisa kichwa, akageuka. Walimbembeleza wiki nzima, na wiki iliyofuata. Hakuingia tena.

Mnamcheka mzee wa watu? Sisi je? Pikipiki ikibadilisha mlio, siku hiyo hiyo tunaikimbiza kwa fundi. Mtoto akibadilisha mlio, tunasema amekua. Wapo humu ndani watoto wa namna hiyo, wamekaa nyuma kabisa, na sisi tunawapita tukisema mtoto huyu hana shida. Inaniuma kuyasema haya, maana hata kwangu wamo.

Mungu ametupa masikio, na tutaulizwa tulisikiliza nini kwayo. Leo ukifika nyumbani, mwulize mwanao jana alicheza na nani. Asipokujibu, usimsifu. Chukua sahani yako, nenda nyuma ya jiko, ukae naye.