Jumbe Aliyekataza Mwaka Kwisha

Hapo zamani, zamani ambazo hata aliyenisimulia hakuambiwa ni lini hasa, palikuwa na mji uitwao Fumbani, nao ulikuwa na mitaa miwili, Kilimani na Bondeni. Watu wa mitaa hiyo walioana, wakaazimana vinu na masufuria, wakatetana kidogo kama majirani wote, kisha wakala pamoja. Na mkubwa wa mji aliitwa Jumbe. Alikabidhiwa siwa, ile baragumu kubwa ya pembe, akatawala miaka saba. Na ikifika Siku ya Mwaka, siku ya kwanza ya mwaka mpya, baada ya miaka hiyo, mitaa yote miwili ilikaa chini uwanjani ikaamua. Wakimtaka, walimrudishia siwa. Wasipomtaka walimpa mwingine, naye yule wa zamani alirudi kwake kulima muhogo.

Basi zamu ikamfikia Jumbe Ngwali, mtu mnene, mcheshi, mpenda wali kupita kiasi. Alikaa kitini, akakipenda kiti. Akafikiri moyoni kwamba Kilimani na Bondeni wakikaa chini pamoja huenda wakamwondoa, lakini wasipokaa pamoja, nani wa kumwondoa? Ikawa akipanda Kilimani huwaambia kwamba watu wa Bondeni hunawa miguu kisimani alfajiri, kabla wenzao hawajateka maji. Akishuka Bondeni huwaambia kwamba watu wa Kilimani wanawacheka, eti pilau yao haina bizari. Jamani, mtu aweza kuvumilia mengi, lakini si maneno juu ya pilau yake. Muda si muda mashemeji wakaacha kusalimiana, na vinu vilivyoazimwa vikarudishwa kwa hasira, vingine vimepasuka.

Katika mji huo aliishi maskini mmoja aliyeitwa Pandu, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Kilimani na mama yake wa Bondeni, kwa hiyo pande zote mbili zilimtukana sawasawa. Watu walimwona mpumbavu, kwa sababu alifanya lile aliloambiwa, lile lile, bila kuongeza wala kupunguza. Siku moja jirani alimwambia, nishikie mbuzi wangu mara moja. Akaenda zake akasahau, na aliporudi magharibi alimkuta Pandu amesimama pale pale, mbuzi kamshika pembe, wote wawili wamenuna. Mali yake yote ilikuwa mkewe, Bi Sabahi, mwuza vitumbua, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi kwenye karai.

Sasa huyo Bi Sabahi, mwaka wa saba ulipokuwa ukielekea ukingoni, alisimama barazani mbele ya watu akauliza, "Jumbe, muda wako unakwisha lini?" Swali lenyewe ndilo hilo tu, wala hakulipamba. Lakini Jumbe alikasirika, akaamuru mwanamke yule afungiwe katika chumba cha mawe nyuma ya jumba, akae humo hata Siku ya Mwaka.

Pandu alijifariji kwamba Siku ya Mwaka haikuwa mbali. Kila jioni alikwenda kusimama chini ya kidirisha cha chumba kile, na mkewe humwuliza amekula nini. Alijibu kwamba amepika ugali. Ulikuwaje? Ulikuwa mweusi, mke wangu. Bi Sabahi alicheka, na Pandu alicheka, kisha akarudi nyumbani akalala upande wake wa kitanda, ule mwingine ameuachia nafasi kama kawaida.

Ikafika siku ya mwisho ya mwaka. Na desturi ya Fumbani ni kwamba siku hiyo kila moto mjini huzimwa, majivu yakamwagwa njia panda, na hakuna awashaye jiko wala aogaye, hata kuche. Kukicha, mzee mmoja wa Kilimani na mzee mmoja wa Bondeni hupekecha vijiti kwa zamu, huyu mikono yake, yule mikono yake, mpaka moto mpya utoke. Hapo siwa hupulizwa, watu hukimbilia baharini kuoga mwaka, na kila nyumba huchukua kaa lake.

Basi mchana wa siku hiyo, mioto imekwisha zimwa, mpiga mbiu wa Jumbe akapita mitaani akitangaza shauri alilobuni Waziri wake. Alitangaza kwamba siku ya leo ndiyo siku ya mwisho ya mwaka, na itaendelea kuwa siku ya mwisho ya mwaka, kesho na kesho kutwa, mpaka hapo Jumbe atakapoona vinginevyo. Na kwa kuwa mwaka haujaisha, muda wa Jumbe nao haujaisha. Watu wa Kilimani wakasema hii fitina ya Bondeni. Watu wa Bondeni wakasema hii fitina ya Kilimani. Pandu yeye akakaa chini pale pale njiani, kwa maana mkewe alikuwa amefungwa hata Siku ya Mwaka, na Siku ya Mwaka ndiyo hiyo imefutwa.

Aliinuka, akajipangusa vumbi, akaenda jumbani. Akamkuta Jumbe amejilaza kwenye mito na Waziri pembeni akimpepea.

"Jumbe wangu," alisema Pandu, "nimekuja kuuliza, nisije nikakosea. Leo kweli ni siku ya mwisho ya mwaka?"

"Kweli tupu," akasema Jumbe.

"Na kesho?"

"Na kesho, ewe kichwa cha nazi."

Waziri alimnong'oneza bwana wake kwamba kazi kama hii yahitaji mtu wa kuilinda, na mtu huyo afaa awe mjinga asiyejua kufikiri. Jumbe akapendezwa. Akamwambia Pandu kwamba kuanzia sasa yeye ndiye mlinzi wa siku hii. Asiruhusu kitu chochote cha mwaka mpya kuingia Fumbani, kwa mkubwa wala kwa mdogo. Kikipenya hata kimoja, mlango wa mkewe utazibwa kwa mawe na chokaa. Pandu akauliza kama na jumbani pia ailinde. Jumbe akajibu, hasa jumbani. Basi Pandu akainama akashukuru, akatoka, akaenda moja kwa moja jikoni kwa Jumbe.

Mpishi alikuwa na kaa dogo alilolificha chini ya chungu, na wali wa bwana ulianza kutokota. Pandu alichota maji kwenye pipa akayamwaga yote motoni. Mpishi akapiga yowe, na yowe likamleta Jumbe mwenyewe, kijiko mkononi.

"Samahani, bwana," alisema Pandu, "siku ya mwisho ya mwaka haina moto. Huu ni moto wa mwaka mpya ulioingia kwa magendo."

Jumbe akatazama chungu. Akamtazama Waziri. Waziri akatazama dari. Akasema kwa sauti ndogo kwamba, kwa hakika, desturi ndivyo ilivyo. Basi jioni ile Jumbe Ngwali alikula ndizi mbivu na nazi, akajisifu kwamba chakula baridi ni kizuri kwa damu.

Kulipokucha aliletewa mchele uliolowekwa. Akatafuna, akasikia kama anatafuna ua wa makuti. Akataka kahawa, Pandu akampa buni mkononi. Akataka kuoga, Pandu akasimama mbele ya birika, akanyoosha mikono, akasema kuoga ni kwa Siku ya Mwaka, na Siku ya Mwaka haipo. Kila Jumbe alipofoka kwamba moto uwashwe sasa hivi, Pandu alijibu kwa adabu, "Nitawasha, bwana wangu. Niruhusu kwanza nipulize siwa, watu wajue mwaka umeisha." Na Jumbe hukaa chini, akasema acha, acha kwanza.

Siku ile ya mwisho ikaendelea, jua likachwa na kucha ndani yake, na joto lilikuwa lile la kaskazi. Jumbani kukaanza kunuka. Waziri, aliyezoea kukaa ubavuni kwa bwana wake, alihamia dirishani, kisha barazani, kisha akasema ana wageni. Jumbe alitangaza kwamba harufu ile yatoka Bondeni. Pandu akamwambia kwa upole kwamba upepo watoka huku kwenda kule, na watu wa Bondeni wameshaleta malalamiko.

Watu nao walikuwa hoi. Mtoto gani atakula muhogo mbichi asubuhi, mchana na jioni? Walimjia Pandu, kwanza wa Kilimani, kisha wa Bondeni, kila kundi likitaka kujua ni nani kazuia moto. Pandu aliwajibu wote jibu moja, kwamba yeye mtumwa wa amri tu, waende wakamwulize Jumbe. Wakaenda. Na kwa kuwa mlango wa jumba ni mmoja, wakajikuta wamesimama pamoja kwa mara ya kwanza tangu habari ya pilau, wakitazamana kwa pembe za macho.

Chini ya kidirisha, Pandu alimweleza mkewe yote.

"Jumbe asipochoka je?" aliuliza Bi Sabahi.

Pandu alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa kubwa kuliko njaa yake. Alimwambia tu kwamba ugali hauungui tena siku hizi, na hilo lilikuwa kweli.

Lakini Jumbe alichoka. Ilikuwa asubuhi, naye aliota pilau usiku kucha, pilau ya Bondeni yenye bizari tele, na alipoamka alikuwa anatafuna shuka. Akamwita Pandu, akamwambia, machozi yakimlengalenga, awashe moto, siwa na ipulizwe kama lazima ipulizwe.

"Ningewasha, bwana," akasema Pandu, "lakini moto wa mwaka haupekechwi na mtu mmoja. Wahitaji mzee wa Kilimani na mzee wa Bondeni, nao ni Mzee Usi na Mzee Khatibu. Hawasemezani tangu uliposema nao."

Basi ungemwona Jumbe Ngwali, nywele zimesimama, kanzu imeganda jasho, akipanda Kilimani mbio na mji mzima nyuma yake. Alimsihi Mzee Usi aje apekeche. Mzee Usi akasema hashiki kijiti kimoja na watu wanaonawa miguu kisimani.

"Hawanawi," akasema Jumbe.

"Nani kasema hawanawi? Wewe ulisema wananawa."

"Nilisema." Jumbe alijifuta uso. "Nilisema, na ilikuwa uongo."

Mzee Usi akainuka, akachukua kijiti chake. Watu wakamshika Jumbe mkono wakateremka naye Bondeni, na huko Mzee Khatibu alikuwa amekaa mlangoni, kisahani cha bizari kavu mbele yake, kama ushahidi. Naye akataka kusikia kutoka kinywani mwa Jumbe habari za pilau. Jumbe akasema. Akasema kwamba mtu wa Kilimani hajapata kuitukana pilau ya Bondeni. Kwamba yeye binafsi aliwahi kula sahani nne. Kwamba jana usiku ameiota. Kila aliposema jambo, watu wa mitaa miwili waligeukiana wakaulizana, na lile je? Na lile pia? Naye Jumbe hujibu, na lile pia, upesi, kwa kuwa njaa humfanya mtu asiwe na simulizi ndefu.

Mzee Usi na Mzee Khatibu wakakaa uwanjani goti kwa goti. Mmoja akapekecha, mwingine akapokea, wakagombana kidogo juu ya nani anapekecha vibaya, na moshi ukatoka, kisha cheche, kisha moto. Pandu akapuliza siwa. Hakuwa mpulizaji, sauti ilitoka kama ng'ombe aliyekanyagwa. Lakini mwaka ulikuwa umeisha.

Watu wote walikimbilia baharini. Pandu peke yake alikimbilia nyuma ya jumba, na mlinzi wa chumba kile, ambaye amri yake ilikuwa hata Siku ya Mwaka, alifungua mlango bila kuuliza. Bi Sabahi alitoka akikunja macho kwa jua. Alimsogelea mumewe, akarudi nyuma hatua moja.

"Pandu mume wangu, unanuka."

"Najua," akasema Pandu, na akalia kama mtoto, hakuona haya.

Baada ya kuoga, masufuria yakapangwa uwanjani, la Kilimani na la Bondeni pamoja, na kwa kuwa yeye alifungwa kwa ajili ya mji, walimpa Bi Sabahi upawa agawe. Watu wakajipanga. Jumbe Ngwali naye akajipanga, sahani kifuani, na Waziri nyuma yake akimnong'oneza kwamba bado kuna njia, wanaweza kusema mwaka huu ni wa majaribio tu.

Ikafika zamu yake. Bi Sabahi akauchota wali, wa moto, unafuka moshi, nyama juu yake, akauinua upawa juu ya sahani, akausimamisha hapo hapo.

"Jumbe," alisema, "muda wako unakwisha lini?"

Jumbe Ngwali akautazama upawa. Akawatazama watu wa Kilimani na watu wa Bondeni, wamekaa mkeka mmoja, wote wanamtazama yeye. Waziri alimvuta kanzu. Basi akaanza kucheka, tumbo zima likamtikisika, akaivua kanzu mikononi mwa Waziri.

"Umekwisha, mwanangu," akasema. "Umekwisha leo asubuhi. Niongezee mchuzi."

Akaongezewa. Siwa akapewa mwingine, na Ngwali akaenda kulima muhogo, ingawa wasemao husema hakuula mbichi tena mpaka kufa kwake. Nami niliyesimuliwa nikiwa nangoja chakula, nimesimulia nikiwa nangoja chakula. Mwenye sahani na aipitishe huku.