Bwawa la Bure la Mbweha

Paukwa! Nyie wa nyuma sijawasikia. Paukwa! Haya, sasa mmeamka.

Hapo kale, kale sana, palikuwa na mabwawa yanayohifadhi sura. Ukisimama ukingoni ukacheza, maji yanaushika mchezo wako. Atakayekuja kesho ataukuta umo, na sauti yako ndani.

Basi Bi Kanga alikuwa mwalimu. Alifundisha vifaranga wa ndege kujificha majanini. Wanafunzi wakazidi, sauti ikamkauka. Akasema, "Nitafute bwawa niliachie somo langu."

Akaenda kwa Kiboko. Bwawa kubwa, lakini kila somo likikolea Kiboko anaibuka katikati, "Jamani, njooni mnunue nyasi zangu." Bi Kanga akasonya, akaondoka.

Akaenda kwa Mama Chura. Kibwawa kidogo, kimezungushiwa matete. Mama Chura akamwambia, "Kwangu utaleta mchwa kidogo kila Ijumaa. Na mtoto akishatazama akaenda zake, maji yangu yanamsahau."

"Mchwa tena, mama? Na wanangu wale nini?"

Akaenda kwa Mbweha. Bwawa safi, kivuli tele.

"Maji yanaonyesha vizuri?" Bi Kanga akauliza.

"Vizuri."

"Watoto wote wataenea?"

"Wote."

"Natoa nini?"

"Hutoi kitu, dada yangu."

Bi Kanga akafurahi. Akafundisha siku hiyo hiyo.

Watoto wakaja, wakatazama, wakarudi makwao. Asubuhi moja mtoto wa Kwale hayupo. Asubuhi nyingine mtoto wa Njiwa hayupo. Bi Kanga akashangaa. "Si nimewafundisha mimi hawa? Hawakuzingatia." Akawaambia waliobaki warudi kwa Mbweha wakatazame tena. Mnanisikia? Akawarudisha yeye mwenyewe.

Mchana mmoja akapita kuangalia somo lake. Mbweha na Kicheche wamekaa ng'ambo, wanatazama maji. Na majini hakuna somo. Wamo wanafunzi. Huyu anatoka bwawani, anapita kichakani, anaingia kiotani. Na yule hivyo hivyo. Maji yaliwafuata mpaka wanapolala.

Halafu mle majini akatokea Tutu, kitindamimba wa Bi Kanga, anajikunja chini ya mgunga.

"Huyu nimetoka kwake sasa hivi," Kicheche akasema, huku akijifuta mdomo. Akamsogezea Mbweha paja.

Bi Kanga hakulia. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Mbweha, uliniambia sitoi kitu."

"Uliniuliza maji, ukaniuliza nafasi," Mbweha akasema, anatafuna. "Hukuniuliza mimi nakula nini."

Basi nyie mnaofundisha watoto wa wenzenu, mkipewa mahali pa bure pa kuweka masomo, ulizeni kwanza mwenye mahali anaishi kwa kula nini, na nani mwingine anawatazama wanaokuja kutazama.

Ngano yangu imekoma. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu nirudishieni mwenyewe.