Kwa Nini Kwera Jike Hukivuta Kiota Kabla ya Kuingia

Enzi zile muhuri ulikuwa na nguvu kuliko mkono, kwera, wale ndege wasuka-nyasi, hawakujua kuning'iniza kiota. Leo mnawaona pale mtoni, madume ya manjano, kila mmoja amejitundika kichwa chini kwenye nyumba yake mwenyewe, anapiga mabawa na kelele kama mnadi wa mitumba. Zamani hakukuwa na jasho hilo. Zamani dume alioa kwa cheti.

Chuo kilikuwa kimoja tu, kwenye kisiwa cha tope katikati ya mto, na mkuu wake alikuwa Korongo. Mtauliza, Korongo, ndege anayerundika vijiti juu ya mti na kuviita nyumba, alipataje kazi ya kufundisha kusuka? Alikuwa mrefu. Basi. Shingo yake ilikaa kisomi, alitembea polepole kama mtu mwenye mawazo mazito, na alipokohoa wote walinyamaza. Msicheke. Nimeona walioajiriwa kwa sifa chache kuliko hizo.

Masomo yalichukua misimu mitatu. Wa kwanza, Utangulizi wa Kiota. Wa pili, Historia ya Kiota. Wa tatu, Falsafa ya Kiota, na hapo mwanafunzi alikariri hatua kumi na nne za kusuka bila kuvuta pumzi. Kushika nyasi? Thubutu! "Theory kwanza," Korongo alisema, "practical ni mwakani." Mwakani ikifika, ikawa mwakani tena. Nyasi zilizokuwepo chuoni zilikuwa kishada kimoja tu, ambacho Korongo alikirithi kwa mwalimu wake, naye mwalimu alikirithi kwa wake, kikavu kama mfupa wa Idi iliyopita. Alikiinua mbele ya darasa na kutangaza, "Hizi ndizo nyasi." Wanafunzi wakaandika kwenye tope: nyasi ni za kahawia, hunuka vumbi, zikiguswa hulia kra. Swali hilo lilitoka kila mtihani.

Aliyefaulu alipewa jani pana la yungiyungi, Korongo akalikanyaga kwa mguu wa tope, pap! Huo ndio muhuri. Dume akalibeba mdomoni hadi kwa wazazi wa jike. Wazee wakaligeuza, wakalinusa, wakasema, "Kweli hili ni la chuo," na harusi ikapita. Kiota kilijengwa baada ya harusi, na hapo ndipo palipokuwa na balaa.

Alikuwepo kwera jike mmoja, jina lake Mbodze. Msimu uliotangulia aliolewa na dume mwenye jani zuri, akataga mayai matatu katika kiota alichojengewa, na upepo wa kwanza tu ulipopita kiota kilivunjika kama biskuti. Mayai yakaenda mtoni. Kambare wakafungua midomo. Mume akasema kosa ni la upepo, akaruka na jani lake kutafuta mke mwingine, na akampata. Mbodze alikaa kwenye tawi siku nne akiyatazama maji.

Sasa mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujipanga tena, na tumbo la Mbodze lilikuwa zito. Alijua kwamba ndani ya siku tatu angetaga, awe na kiota au asiwe nacho. Ndipo Korongo alipokuja mwenyewe, akifuatana na dume kijana aliyechana manyoya vizuri.

"Binti, una bahati," Korongo alisema. "Huyu ni Ngumbao. First class! Kwa misimu kumi sijapata kichwa kama hiki."

Ngumbao alikohoa kama mwalimu wake, akatandaza jani, akazitaja hatua zote kumi na nne. Ndugu na majirani wakapiga mabawa.

"Hongera," Mbodze akasema. "Nijengee."

"Bila shaka. Tukishaoana."

"Nijengee kwanza. Nitakivuta. Kikistahimili nitaingia."

Mama yake akamsogelea na kumnong'oneza kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo. "Mwanangu, usituaibishe mbele ya wageni. Jani si umeliona?"

"Nimeliona, mama. Hata la mwaka jana nililiona."

"Excuse me," Korongo akadakia, shingo imesimama. "Kuvuta? Wewe kuvuta umesomea wapi?"

"Kwa kambare, mwalimu."

Ngumbao hakuwa mwoga, hilo nampa. Alishuka ukingoni, akakusanya nyasi za kahawia zinazonuka vumbi, akaanza kusuka huku akizisoma hatua kwa sauti, ya kwanza hadi ya kumi na nne. Jioni kiota kilikuwa pale, cha duara, kimepangika, sawasawa na maelezo ya darasani. Korongo alisimama chini yake ili aonekane vizuri. Mbodze akakishika kwa mdomo, akavuta mara moja, wala hakuvuta kwa hasira.

Kra!

Kiota chote kilimshukia Korongo kichwani na kubaki hapo kama kofia. Vyura walicheka mpaka wakasahau kuogelea.

"Nadharia iko sawa," Korongo alisema kutoka ndani ya nyasi. "Tatizo ni mvutaji." Akaondoka kwa hatua zilezile za kisomi, kofia yake ikimwagika kidogo kidogo.

Hapa mtaniruhusu nimtetee Ngumbao. Yeye hakuiba mtihani. Aliambiwa soma, akasoma. Aliambiwa kariri, akakariri. Alifanya kila alichoagizwa na wakubwa, halafu siku ya kazi mikono ikawa mitupu na kicheko kikawa chake peke yake. Hasira ilikuwa haki yake. Alilipiga tawi teke, akamtukana Korongo, akazitukana nyasi, akawatukana vyura na ukoo wao, mpaka matusi yakamwishia. Yalipomwishia akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye hatua yoyote kati ya zile kumi na nne. Alikwenda kuuliza.

Kulikuwa na dume mwingine, Tsuma, aliyekuwa akiishi peke yake kwenye matete. Huyu alifukuzwa chuoni msimu wa kwanza, kwa sababu kwenye mtihani aliandika kwamba nyasi ni za kijani. Darasa zima lilimcheka siku hiyo, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Ngumbao.

"Ehe, first class!" Tsuma alimpokea. "Umekuja kunitembelea ama umepotea njia?"

"Nimekuja kuuliza."

"Uniulize mimi? Mimi zero? Si wewe ulisema hata jina langu lifutwe kwenye tope?"

"Nilisema. Nisamehe, kaka. Kuna mtu anataga kesho kutwa, na mimi sijui kusuka."

Tsuma akacheka, kicheko kisicho na sumu. "Mimi kufundisha sijui. Mimi najua kufeli tu. Kiota changu cha kwanza kilidumu kwa muda wa chafya moja. Njoo tufeli pamoja."

Akamwonyesha jinsi ya kutua kwenye tete bichi, kulikata jani lake kidogo ukingoni kwa mdomo, kisha kuung'ata ukingo huo na kuruka mpaka utepe mrefu wa kijani ukabanduka wenyewe, srrrp. "Kavu hukatika, bichi hutii," alisema. "Hujawaona akina mama kule kijijini wakilowesha ukindu kabla ya kusuka mkeka? Wale nao wana jani la nani?"

Siku ya pili Ngumbao alining'iniza kiota cha kijani. Mbodze akakivuta. Kikashika, kikashika, halafu kikateleza chote kizima kutoka kwenye tawi.

"Bado," Mbodze akasema. "Fundo la juu linakimbia."

Ngumbao alifungua mdomo aeleze habari ya hatua ya tisa. Akaufunga. Nyasi za jana hazifai, zimeanza kukauka, kwa hiyo alikifumua kiota chote, akatupa kila utepe chini na kwenda kubandua nyingine.

Siku ya tatu tone la kwanza la mvua lilimkuta akifunga fundo la juu kwa mara ya tatu, kupita chini, kupita juu, kurudi ndani. Mbodze akaja. Safari hii hakuvuta kwa mdomo tu. Alijitundika kwenye kiota kwa uzito wake wote pamoja na uzito wa mayai, akafunga mabawa, akajiachilia. Mama yake akafumba macho. Tawi likainama. Upepo ukaja na mvua yake, kiota kikayumba huku na huku juu ya maji, na kule chini kambare wakakusanyika, maana wao hukumbuka mahali walipokula vizuri.

Fundo halikukimbia. Ngumbao alisubiri mpaka uvumilivu ukamshinda. "Sasa je?" akauliza, maji yakimtiririka machoni. Alipotazama vizuri, Mbodze hakuwa nje tena.

"Mlango ni mdogo," sauti ikatoka ndani. "Lakini hakivuji."

Mvua ilinyesha siku saba. Kambare walikaa midomo wazi mpaka taya zikawauma, wakaenda zao. Mayai yalikuwa matatu, na makinda yakawa matatu, yenye kelele kuliko baba yao siku ya mahafali.

Wanafunzi wengine walipoyasikia makinda hayo walihamia kwenye matete, wakamkuta Tsuma akifeli kama kawaida, wakajiunga. Korongo alibaki peke yake ukingoni. Ndiyo maana mpaka leo mnamkuta pale, amesimama kwa mguu mmoja, hasemi, hatikisiki. Wengine husema anavua samaki. Mimi nasema anaandaa silabasi mpya.

Na kuanzia masika yale, kwera dume hubandua nyasi mbichi, husuka kwanza, kisha hujining'iniza chini ya kazi yake na kupiga mabawa. Mkimwona hivyo msidhani ana wazimu: yuko kwenye intavyuu. Jike huja, hukivuta kiota. Hamwulizi baba yake ni nani, wala hamdai experience ya miaka mitano wakati alitoka kwenye yai mwaka juzi. Kikikatika, humwambia palipo na kasoro, naye dume hukifumua mwenyewe asubuhi hiyohiyo. Basi ukipita chini ya mgunga ukute viota vibichi vimetapakaa ardhini, usiinamishe kichwa kumsikitikia dume aliyeviangusha. Tazama juu. Ameshaanza kingine.