Sampuli za Daktari Muhanga

Zamani hizo, wanangu, wanyama walipokuwa na kamati na vikao vya chai, mke wa Muhanga alimfuta mumewe udongo puani, akamwambia, "Umechimba vya kutosha leo, baba. Njoo ule." Wakala, wakalala. Kulipokucha, mkewe hakuamka tena.

Tangu siku ile Muhanga, mchimbaji hodari kuliko wote, hakugusa udongo tena. Kucha zake kama majembe zikawa za kupekulia karatasi. Akawa Daktari, mtafiti wa familia zisizo na makazi. Mzee Tembo, aliyebomoa mashimo ya familia hizo akipanua njia yake, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kuzihurumia.

Jioni moja, ngurururu! Mvua inakuja. Mama Nguchiro yuko kichakani na wanawe, shimo hana.

Daktari Muhanga akafika na karatasi zake. "Mama, kwa maoni yako, kwa nini familia hukosa nyumba?"

"Kwa sababu hazina nyumba, Daktari."

Muhanga akaandika. Aliona jibu hilo linastahili semina.

"Lakini utafiti wako una kasoro," Mama Nguchiro akasema.

"Kasoro!" Pua ikamcheza.

"Udongo hujaupima. Wasomi wenzako watakucheka!"

Kru! Kru! Kru! Daktari akachimba sampuli.

"Hiyo ya juu tu. Ya chini je?"

Kru! Kru!

"Na ya kulia? Chukua upana wa mama na watoto wanne. Kitaalamu."

Tembo akapita. "Mnafanya nini?"

"Utafiti, mzee! Tunataka mawe mlangoni, sampuli zisilowe," Mama Nguchiro akajibu.

"Aa, kama ni utafiti!" Puu! Puu! Akapanga mawe.

Mvua ikamwagika, shwaaa! Daktari akatoka na konzi ya udongo. "Iko wapi familia ninayoitafiti?"

"Tumo ndani!" watoto wakacheka. "Hatukufai tena!"

"Tumechezewa!" Tembo akanguruma.

"Wewe umechezewa leo," Muhanga akasema. "Mimi nimejichezea miaka yote. Ripoti chungu nzima, na kucha ninazo."

Mama Nguchiro akatoka, akamfuta udongo puani. "Umechimba vya kutosha leo, baba. Njoo ule."

Muhanga akainama, akaingia.

Basi wanangu, mwenye kucha asihoji anayelowa, achimbe.

Asubuhi yake Muhanga aliacha karatasi nyumbani, akaenda kwa familia ya kichaka cha pili.

"Una maswali mangapi leo?" wakamuuliza kwa uchovu.

"Moja tu. Mlango mnautaka uelekee wapi?"