Kiboko na Kigoda cha Mara ya Kwanza

Hapo zamani za kale, na msiniulize zamani ipi maana hata mimi sikuwepo, wanyama wa kijiji cha Mateteni walikuwa na banda lao la ngoma. Sogeeni karibu. Wewe uliyelala chali kaa vizuri, mimi siisimulii dari.

Ndani ya banda hilo mlikuwa na ngoma tatu. Palikuwa na chapuo, ngoma ndogo yenye maneno mengi. Palikuwa na msondo, ngoma ndefu ya kupigwa umesimama. Halafu palikuwa na vumi, ngoma nene ya sauti ya chini, du, du, du, mpaka unaisikia tumboni. Mwenye kuzitunza alikuwa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Ni kanyama kadogo ka maweni, mkia hana, lakini sauti anayo. Akiimba upande huu wa mto, ng'ambo wanageuza shingo. Ngoma zile alirithi kwa mama yake, na fundi aliyejua kuziwamba alikwisha kufa bila kumfundisha mtu.

Mwaka huo ukaja upepo, vuuu, ukalinyanyua paa la banda na kulitupa mtoni. Na masika yalikuwa mlangoni. Ngozi za ngoma zikilowa zinaoza, na zikioza ndiyo basi, Mateteni haina ngoma tena, iwe ya harusi, iwe ya mavuno. Bi Pimbi alikaa katikati ya banda lisilo na paa, akayatazama mawingu, akalia kweli kweli.

Alipomaliza kulia alijifuta pua, akaenda kuomba msaada. Alianza kwa Bi Kwale, kama kawaida. Bi Kwale akamwambia kwa upole kwamba safari hii hana hata unyasi mmoja, ametoa mpaka wa kiota chake. Akaenda kwa Mzee Kobe, hali ni ileile. Kila mwaka ni hao hao wawili, wanaombwa, wanatoa, wanaombwa tena.

Akabaki Bwana Kiboko. Huyu ndiye aliyekuwa na matete yote ya ukingo wa mto, matete mazuri ya kuezekea, na mgongo wa kuyabeba. Kila ngoma alikuwepo mstari wa mbele, anakula wali wa watu, anatikisa kichwa, anakwenda zake. Kutoa, hajapata kutoa hata kijiti.

“Nikitoa, napata nini?” Kiboko akauliza, maji yakimfika puani. “Bi Kwale ametoa miaka yote hiyo. Nani amewahi kumtaja?”

Bi Pimbi neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa la kweli. Akarudi kwake mdogo mdogo, anawaza. Alipofika mlangoni alikuwa anacheka peke yake.

Kesho yake aliwakusanya wanyama wote. Kwanza akawaita Bi Kwale na Mzee Kobe, akawaomba radhi mbele ya watu kwa shukrani iliyochelewa, akawaketisha kwenye mkeka wa wapigaji. Kisha akatangaza utaratibu mpya. Yeyote atakayelitolea banda kitu kwa mara ya kwanza maishani mwake atakaa juu ya kigoda, mbele ya watu wote, avishwe kitenge chekundu, apigiwe vigelegele, na atungiwe wimbo wenye jina lake. Akitoa mara ya pili, huyo si mgeni tena. Atakaa mkekani na wapigaji, na atafundishwa ngoma.

Watu wakatazamana. Nani aanze? Kimya, kimya, mpaka wakasikia kitu kinaburuzika chini, srrr, srrr. Alikuwa Konokono, na nyuma yake anavuta kamba aliyoisokota mwenyewe, urefu wake haufiki mkono wa mtoto.

“Ndiyo niliyo nayo,” akasema Konokono. “Hata kufungia ufito mmoja itatosha?”

Bi Pimbi hakucheka. Alimnyanyua akamweka juu ya kigoda, akamfunika kitenge, akaimba:

Konokono kaja, kaja na kamba,
Ufito utafungwa, paa litatambaa.

Vigelegele vikapasuka, msondo ukalia, na Konokono akaona haya mpaka macho yote mawili yakarudi ndani. Alipoyatoa tena yalikuwa na machozi. Maisha yake yote watu walikuwa wakimruka tu njiani.

Mtoni kule, Bwana Kiboko alisikia kila kitu. Konokono! Kwa kamba ya vidole viwili! Akala nyasi, hazina ladha. Akaoga, maji hayampozi. Asubuhi yake akatokea kwenye banda na mzigo wa matete mgongoni, akautupa chini, puu, akauliza kigoda kiko wapi.

Akavishwa kitenge, ingawa kilimfunika bega moja tu. Akapigiwa vigelegele. Akaimbiwa wimbo wa Bwana Kiboko mwenye mgongo mpana na moyo mpana. Jamani, alinyanyuka pale anatembea kwa madaha, na wimbo ule akaushika, anauimba akioga, anauimba akila, mpaka samaki wakahama.

Siku ya pili akarudi na mzigo mwingine, akaenda moja kwa moja kwenye kigoda.

“Samahani, Bwana Kiboko,” akasema Bi Pimbi. “Kigoda ni cha wanaotoa mara ya kwanza. Wewe sasa ni mwenyeji. Mkekani pale, karibu na Bi Kwale.”

Kiboko aliutazama mkeka kwa dharau. Yeye akae chini na kwale? Akaubeba mzigo wake tena mgongoni, akageuka kuondoka. Paa lilikuwa halijafika hata robo, na mbali kule radi ilishaanza kunguruma. Bi Pimbi akaanza kufagia kama hana haraka, akasema kama anayejisemea, kwamba utaratibu ni utaratibu, huwezi kumweka mtu kigodani mara mbili. Ingekuwa Bwana Kiboko ana jamaa wa mbali ambao hawajawahi kufika Mateteni, hao je, si wangepokewa kwa shangwe zaidi? Wageni, tena wa mbali. Lakini ndiyo hivyo, hana.

Kiboko alisimama. Masikio yake madogo yalizunguka mara moja, mara mbili. Halafu akaondoka.

Jioni haijafika, akaja mgeni. Alikuwa mnene, analowanisha njia nzima, na puani amejifunga gunzi la mahindi kwa kamba.

“Mimi ni Kifaru wa Mlimani,” akasema kwa sauti nzito. “Nimesikia habari zenu. Naleta mizigo miwili ya matete. Sijawahi kutoa popote.”

Bi Kwale akajiuma bawa asicheke. Mzee Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba, na gamba lote likawa linatikisika. Konokono peke yake ndiye hakuelewa, akamnong'oneza Bi Pimbi mbona huyu mgeni ana miguu ya Bwana Kiboko. Bi Pimbi akamwambia anyamaze, mgeni anatazamwa mzigo, hatazamwi miguu. Kisha akamketisha Kifaru wa Mlimani kigodani, akamvisha kitenge, akamwimbia mpaka gunzi likahama likakaa shavuni.

Siku iliyofuata akaja Simba wa Ng'ambo. Shingoni amejizungushia majani makavu, akijaribu kunguruma anatoa mapovu. Alileta mizigo mitatu na nguzo mbili. Bi Pimbi akamsifia manyoya.

Na siku ya tatu, msicheke kabla sijamaliza, akaja mjane wa Nyati, amejitanda shuka gubigubi. Alisema kwa sauti nyembamba kwamba marehemu mume wake alipenda sana ngoma. Akaleta mizigo minne, na fito za kutosha paa zima. Bi Pimbi akampa pole, akamwimbia wimbo wa taratibu wa kufaa msiba, na mjane akaupenda mpaka akaomba urudiwe.

Banda likaezekwa. Matete yakapangwa sawasawa, yakafungwa imara, na ufito wa juu kabisa ukafungwa kwa kamba ya Konokono. Ilitosha, tena ikabaki ncha.

Siku ya kulifungua banda mawingu yalikuwa meusi kama chungu cha jikoni. Wali ulipikwa, watu wakajaa, ngoma zikawekwa mahali pake. Bi Pimbi alikuwa ameazima vigoda vitatu zaidi, akavipanga vinne mstari mmoja, akasimama mbele.

“Leo tunawatukuza wageni wetu wanne walioleta matete kwa mara ya kwanza,” akasema. “Bwana Kiboko, Kifaru wa Mlimani, Simba wa Ng'ambo, na mjane wa Nyati. Ngoma haipigwi mpaka niwaone wote wanne wamekaa.”

Kiboko alikuwa ameshakaa kwenye kigoda cha kwanza. Kicheko kilimganda mdomoni. Akasubiri kidogo, akaaga kwamba anatoka nje mara moja. Pwata, pwata, pwata, nyuma ya banda. Akaingia Kifaru wa Mlimani anahema, akakaa kigoda cha pili. Bi Pimbi akauliza, sasa mbona Bwana Kiboko ametoweka? Kifaru akasema anakwenda kumtafuta. Pwata, pwata. Akaingia Kiboko. Na Kifaru je? Na Simba? Wali unapoa, jamani! Pwata, pwata, pwata, anaingia huku, anatokea kule, jasho linamtiririka, mara yuko nje anafunga gunzi, mara anavuta majani. Mwisho akaingia na vyote pamoja, gunzi puani, majani shingoni, shuka kichwani, akasimama katikati ya banda hajui akalie kigoda kipi.

Konokono akatoa macho yake mawili, akamtazama juu mpaka chini.

“Bi Pimbi,” akauliza, “huyu tumwite nani?”

Hapo ndipo watu walipovunjika mbavu. Walicheka wakagaagaa, walicheka wakashikana. Hata Mzee Kobe alipinduka, ikabidi ageuzwe.

Kiboko aliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Akalitupa gunzi kule, akafoka kwamba wamemfanya mjinga, na kwamba atayang'oa matete yake yote sasa hivi, ufito kwa ufito. Watu wakaacha kucheka. Angeweza, na nje tone la kwanza lilishadondoka.

Bi Pimbi alikuja mpaka chini ya pua yake. Hakumfika hata gotini.

“Ng'oa,” akasema. “Lakini ng'oa yako. Yako ni mzigo mmoja tu, ule wa siku ya kwanza. Ile mingine ni ya Kifaru, ya Simba na ya mjane wa watu. Wakiitaka, waje waidai wenyewe.”

“Hao wote ni mimi!” Kiboko akanguruma.

“Ni wewe?” Bi Pimbi akatabasamu. “Basi kumbe umetoa mara nne, Bwana Kiboko. Hapa kijijini hakuna aliyelitolea banda hili kama wewe. Unatafuta nini kwenye vigoda vya wageni? Mahali pako ni pale.”

Akamwonyesha mkeka. Na mvua ikashuka. Iliyapiga matete kwa nguvu, watu wakainua vichwa, wakangoja. Hakudondoka tone ndani, hata moja. Kiboko naye aliinua kichwa, akalitazama paa lile kwa muda mrefu, na hasira ikamtoka polepole.

Akavua majani. Akavua shuka. Akaenda kuketi mkekani, taratibu asimkalie mtu, na Bi Kwale akamsogelea akampa nafasi. Bi Pimbi akamwekea vumi mbele yake, maana tangu afe fundi, aliyekuwa akiipiga, hakupatikana mwenye mkono mzito wa kuifaa. Kiboko akanyanyua mguu, akapiga. Du! Banda lote likatikisika. Akapiga tena, du, du, msondo ukaitikia, chapuo ikaingia, na watu wakainuka kucheza.

“Kumbe pazuri ni huku,” Kiboko akasema.

“Huku kwa wanaotoa mimi nipo miaka yote,” akajibu Bi Kwale.

Ndivyo walivyocheza mpaka mvua ikachoka. Mimi niliyasikia kwa aliyeula wali ule, na aliniapia kwamba kigoda kiliachwa palepale mbele, hakina mtu, kinamngoja mwingine. Nanyi yashikeni haya: anayetoa mara ya kwanza apewe sifa zake, na anayetoa tena atoe kwa jina lake mwenyewe.